Mawe Kumi na Moja ya Mama Casimira

Msomaji, tulipoachana Jumamosi iliyopita, Delmira Anagua alikuwa amesimama kwenye korido ya Kliniki Alba Serena, mjini Santa Cruz, ameshika chupa yenye mawe kumi na moja ya nyongo. Nesi Yaneth alikuwa ametoka kumwambia, kwa tabasamu la meno yote, kwamba mawe hayo yametolewa tumboni mwa mama yake dakika chache zilizopita na kwamba upasuaji umekwenda vizuri.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia:

“Delmira! Hivi hawa watu wananipasua leo au wamekwenda kula?”

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Delmira alilivuta pazia. Mama Casimira alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kofia yake nyeusi kichwani, gauni la hospitali amelivaa juu ya sketi zake zote tatu. Hakuwa na bandeji. Hakuwa na tone la damu. Macho yake yalikuwa ya manjano kama kiini cha yai, vilevile kama walivyokuja nayo asubuhi.

“Mama, wamekupasua?”

“Wanipasue na nini? Hakuna aliyeingia humu tangu saa mbili. Aliingia paka tu.”

Delmira akageuka. Tabasamu la Yaneth lilikuwa bado liko mahali pake, ila macho yalikuwa yamekwisha kukimbia.

“Aa! Nimechanganya,” alisema Yaneth. “Hayo ni ya mgonjwa wa chumba cha pili. Nipe.”

“Lebo imeandikwa Casimira Colque.”

“Nimechanganya lebo.”

Delmira hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alikuwa mshonaji. Kwa miaka kumi na minane huko Llallagua, mji wa migodi juu milimani, hakuwahi kukata kitambaa cha mtu bila kukipima mwenyewe. Hakumpa chupa. Alihesabu hatua tatu hadi chumba cha pili, akafungua mlango.

Hamkuwa na mgonjwa.

Mlikuwa na godoro lenye doa la kahawia, kubwa kama sinia, na juu ya doa hilo mtu alikuwa ameacha sahani ya wali na mifupa ya kuku. Sakafuni palikuwa na beseni. Mabomba ya sindano yalielea ndani yake katika maji ya rangi ya waridi, kama uma na vijiko vinavyosubiri kuoshwa baada ya karamu. Na kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa ukutani ilipita kamba. Kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo, glavu kumi na mbili za mpira zilikuwa zimeanikwa zikauke. Kila moja ilikuwa na madoa yake.

Matone yalikuwa bado yanadondoka. Yalidondokea kwenye wali.

Delmira aliufunga mlango polepole, kama mtu aliyefungua choo akamkuta mtu ndani.

“Dada, hapo haparuhusiwi,” alisema Yaneth.

“Naona,” alijibu Delmira.

Aliisogeza chupa kwenye mwanga wa dirisha. Ncha ya lebo ilikuwa imeinuka. Akaipitishia ukucha wake, ukucha wa mtu aliyezoea kufumua mishono. Lebo ya Casimira Colque ikabanduka yote. Chini yake palikuwa na lebo nyingine: Nicasio Ticona. Akabandua. Paulina Chambi. Akabandua. Zenón Huarachi. Na ya mwisho kabisa, iliyofubaa hata ikasomeka kwa taabu: Eleuteria Poma.

Mawe yale yale, wenyewe watano. Na ndani ya maji ya chupa ile, kati ya jiwe na jiwe, nzi mfu alielea tumbo juu.

Wote watano walikuwa na majina ya milimani. Hilo halikumshangaza. Huko kwao mtu akitolewa kitu mwilini, lazima familia ikione. Bila kukiona, hawasadiki kwamba kimetoka. Jiwe la nyongo hupelekwa nyumbani, huwekwa kabatini karibu na sanamu ya Bikira, na wageni huonyeshwa kabla hata ya kukaribishwa kiti. Kumbe kuna mtu hapa aliijua desturi hiyo vizuri, akaifanyia biashara kwa chupa moja.

Viatu vililia koridoni. Daktari Viruez alikuwa anakuja, mrefu, nywele zimelazwa kwa mafuta, anajifuta midomo kwa pindo la koti lake jeupe.

“Kuna nini, dada yangu? Nasikia umeingia wasiwasi.”

“Daktari, mawe haya ni ya nani?”

Aliiangalia chupa, akaziangalia lebo tano zilizobandikwa sasa kwenye kiganja cha Delmira. Hakushtuka. Akacheka kidogo, kicheko cha upole.

“Haya ni mawe ya maonyesho. Ndugu wa mgonjwa huwa na hofu. Wakiyaona, roho zinatulia.”

“Mnawatuliza kabla ya kupasua?”

“Leo Yaneth amewahi kidogo.”

Delmira alijaribu kumwelewa. Kwa kweli alijaribu, kwa sababu hakupenda kumhukumu mtu ambaye labda amechoka, labda ana wagonjwa wengi, labda amepitiwa. Alitafuta mahali pa kuiweka sentensi ile, “amewahi kidogo”, ili iwe na maana njema. Hakupaona.

“Mama,” alisema, “vaa viatu. Tunaondoka.”

“Siondoki,” alisema Mama Casimira.

Delmira alidhani hakusikia vizuri.

“Nimesema siondoki! Unataka kunipeleka wapi, kule hospitali kubwa? Tumepanga foleni kule siku mbili. Yule kijana wa dirishani aliniambiaje? Hebu mwambie daktari alivyoniambia.”

“Mama…”

“Aliniambia, ‘Wewe Mkolla wa milimani, sema Kihispania kama watu au rudi kwenu ukaseme na mifugo yako ya llama.’ Mbele za watu! Hapa wananiita mama. Hapa naeleweka. Na hapa, mwanangu, umepachagua wewe. Au umesahau?”

Hakuwa amesahau. Hilo ndilo lililomchoma.

Maana Delmira alikuwa amechagua kwa utaratibu. Kwa siku tisa alizunguka hospitali na kliniki sita za mji huu wa joto, mji ambao hata hawajamaliza mwezi ndani yake, na daftari la shule mkononi. Aliandika foleni inachukua muda gani. Aliandika vyoo vinanukaje. Aliandika kama wauguzi wananawa mikono, na kama wagonjwa wanaotoka wanatembea wenyewe. Hospitali kubwa ya serikali, ile ya barabara ya Mzunguko wa Tatu, ilipata alama mbaya ya foleni na alama mbaya ya matusi. Mengine yote ilipata vizuri.

Kisha akaingia Alba Serena. Kwenye benchi za mapokezi aliwakuta wanawake kumi na wawili wenye sketi za marinda na nywele za mikia miwili, wanatafuna majani ya koka, wanapiga soga kwa Kikechua kama wako sokoni Llallagua. Akalifunga daftari. Hata choo hakukikagua. Ndivyo watu wa milimani wanavyochagua kila kitu wakishuka huku bondeni, chumba cha kupanga, fundi viatu, mchumba, hata kaburi. Wenzetu wakikaa mahali, basi pako salama.

“Sikiliza, mwanangu,” ilisema sauti ya tatu. “Unatutia aibu mbele ya daktari.”

Alikuwa Felisa. Felisa ndiye aliyewapokea stendi ya mabasi siku ya kwanza, akawabebea mzigo, akawapa mikate ya muhogo na jibini ingali moto, na alipomwona Mama Casimira ameshika ubavu akasema kwamba hata yeye alikuwa hivyohivyo, akatolewa mawe, akapona. Mwanamke mnene, jino moja la dhahabu, sauti ya shangazi.

“Mama Felisa,” alisema Delmira, “njoo nami mapokezi kidogo.”

“Kufanya nini?”

“Kuuliza.”

Wale wanawake kumi na wawili walikuwa pale pale, sketi zimejaza benchi, feni inapeperusha riboni za nywele zao. Delmira akasimama katikati, akawasalimu kwa Kikechua, kwa heshima yote.

“Akina mama, naomba mnisaidie. Nani kati yenu ameshatibiwa hapa?”

Mmoja akatazama dari. Mwingine akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwamo. Kisha bikizee mmoja wa pembeni, shavu limetuna kwa koka, akaangua kicheko.

“Kutibiwa? Hapa? Mungu apishe mbali, binti! Sisi ni wa kukaa tu.”

“Wa kukaa?”

“Tunakaa mpaka saa sita, halafu tunaletewa supu ya karanga. Mimi Jumatatu naumwa mgongo. Jumanne naumwa ini. Leo Alhamisi… leo naumwa nini, Felisa?”

“Nyamaza, Sabina!”

“Ninyamaze nini? Supu ya jana haikuwa hata na mfupa. Mwambie daktari wako, mgonjwa asiyepewa nyama atapona aondoke!”

Benchi nzima ikacheka. Walicheka vizuri, bila ubaya, kama watu wa kazini wanaomtania msimamizi. Na Delmira, aliyesimama katikati yao, alihisi ngozi ya mikono yake ikisisimka kana kwamba amegusa kitu chenye utelezi gizani. Hawa ndio waliomfanya afunge daftari.

“Mama Felisa,” alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida, “uliniambia ulitolewa mawe.”

“Ndiyo, nilitolewa! Mimi sisemi uongo!”

“Nionyeshe.”

Felisa alisita, lakini heshima yake ilikuwa imeguswa mbele ya wenzake. Akainua blauzi. Ubavuni palikuwa na makovu matatu madogo, kila moja urefu wa tundu la kifungo.

Delmira aliinama, akayatazama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine. Yalikuwa yamenyooka. Hayakuvuta ngozi. Mwaka mmoja zaidi na yangepotea kabisa.

“Kazi safi,” alisema. “Nani alishona?”

Felisa akashusha blauzi.

“Walishonea hapa?”

“Hapa?” Sabina akadakia. “Hapa wanashona kama wanafunga gunia la viazi!”

“Mama Felisa, nimeuliza. Ulipougua wewe, ulikwenda wapi?”

Felisa aliangalia sakafu, akaangalia mlango, na mwisho macho yake, bila yeye kutaka, yakatua kwenye chupa iliyokuwa mkononi mwa Delmira. Yakakaa hapo. Yalikuwa macho ya mtu anayemwona ng’ombe wake katika zizi la mwingine.

Delmira akaelewa.

“Haya ni yako.”

“Nilimwazima daktari,” alisema Felisa kwa sauti ndogo. “Alisema ni kwa wiki moja. Sasa ni mwaka wa tatu. Lile kubwa lenye pembe nalijua, hilo ndilo lililokuwa linaniua.”

“Na yalitolewa wapi?”

“Kule.”

“Kule wapi?”

“Hospitali kubwa. Mzunguko wa Tatu.” Akainua uso. “Mwanangu ndiye aliyenipeleka. Walinitazama vizuri, siwezi kusema uongo. Siku ya pili nilitembea.”

“Ulipougua wewe, ulikwenda kule. Mama yangu ukamleta huku.”

“Huku ni kazini,” alisema Felisa.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mtu mzima anapaswa kulijua. Na hilo ndilo lililomtia Delmira kinyaa kuliko glavu, kuliko beseni, kuliko nzi.

“Jana ulinishika mikono tukasali.”

Wote waligeuka. Mama Casimira alikuwa amesimama mlangoni, peku, mkono mmoja umeshika ukuta. Alikuwa amesikia kila neno, na kila neno lilikuwa kwa lugha yake mwenyewe.

“Tulisali rozari nzima,” aliendelea. “Nilikuwa namwomba Bikira. Wewe ulikuwa unamwomba nani?”

Felisa akainamisha kichwa. Hata Sabina aliacha kutafuna.

Mama Casimira akaanza kulivua lile gauni la hospitali. Lilikwama kwenye kofia. Akalivuta kwa hasira, akalitazama kwa mara ya kwanza kwa makini, akaona doa la mtu mwingine kwenye kola. Akalishika kwa vidole viwili, mbali na mwili, kama anashika panya kwa mkia, akaliachia likaanguka juu ya viatu vya Daktari Viruez, aliyekuwa amefika nyuma yake.

“Delmira, nipe viatu.”

Hapa ndipo, msomaji, Delmira alipotegemea vita. Alitegemea mlango kufungwa na Yaneth kupiga kelele. Badala yake daktari akawa mwema zaidi.

“Hakuna shida, mama. Mgonjwa ana haki yake. Nitawaandikia barua kwa rafiki yangu, ana kliniki nzuri sana upande wa kaskazini. Gari nitawaitia mimi.”

“Asante. Tunakwenda hospitali kubwa,” alisema Delmira.

“Kule usiende.”

Alilisema haraka mno. Akajirekebisha.

“Yaani, usiende leo. Kesho, kesho kutwa, sawa. Leo kuna mgomo.”

Yaneth alimtazama daktari. Daktari alimtazama Yaneth. Delmira aliwatazama wote wawili, akaliweka jambo hilo akilini kama mtu anavyochomeka pini kwenye kitambaa ili arudi kupashona baadaye. Mtu huyu hakuwa anagombania mgonjwa. Alikuwa radhi mgonjwa aende popote duniani, isipokuwa mahali pamoja.

Akamkabidhi Felisa chupa.

“Shika mali yako. Na nzi wako.”

Nje joto liliwapiga usoni kama mlango wa tanuri. Teksi ilisimama kabla hata hawajainua mkono. Dereva alikuwa mtu wa hapo hapo bondeni, shati limefunguliwa vifungo vitatu, mdomo haulali.

“Karibuni, mama zangu! Mbona mama kawa wa manjano hivyo, kama embe? Wapi twende?”

“Hospitali kubwa, Mzunguko wa Tatu. Kuna mgomo huko?”

“Mgomo? Nimemshusha mtu sasa hivi, wanafanya kazi kama siafu. Lakini kule, dada! Kule watu wanakwenda kufa. Mimi nina kliniki moja, safi, feni kila chumba, nikiwapeleka mimi hampangi foleni…”

Delmira alifumba macho. Mji mzima. Kila mdomo ulikuwa mlango wa kliniki fulani. Alikuwa amezunguka siku tisa na daftari, kumbe swali lilikuwa moja tu, na amelipata leo kwenye tumbo la Felisa.

“Kaka,” alisema, “mkeo alijifungulia wapi?”

Dereva alimtazama kwenye kioo. Kisha akapiga usukani kwa kiganja, akacheka mpaka gari likayumba.

“Kule kule unakokwenda! Wote watatu! Na mama yangu moyo walimtengenezea kule kule!”

“Basi twende alikojifungulia mkeo.”

“Lo! Nyie Wakolla mkishajua kuuliza, sisi wapiga debe wa wagonjwa tutakula wapi?”

Mama Casimira hakucheka. Alikuwa ameanza kutetemeka. Katika joto lile ambalo lilifanya lami ing’ae, meno yake yaligongana, na Delmira alipomshika paji la uso aliondoa mkono haraka.

“Kaka, ongeza mwendo.”

Dereva naye aliona. Akafunga mdomo, akawasha taa zote, akapita kulia kwa malori mpaka getini.

Hapakuwa na mgomo.

Daktari wa zamu ya dharura alikuwa msichana mdogo aitwaye Ninoska, miduara myeusi chini ya macho. Alinawa mikono kabla ya kumgusa Mama Casimira. Alinawa tena baada ya kumgusa. Delmira aliyaona yote mawili, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mabega yake yakashuka kidogo.

“Inauma hapa, mama?” aliuliza Ninoska, kwa Kikechua kibovu cha mtu aliyefundishwa na bibi yake.

“Ukibonyeza tena nitakutemea mate, mwanangu.”

“Teme tu, mama. Nimeshatemewa na watu wawili leo.” Akageuka kwa Delmira, na utani ukamtoka usoni. “Mfuko wa nyongo umevimba sana na homa imepanda. Ukipasuka, sumu itaenea tumbo zima. Apasuliwe leo, kabla ya saa kumi jioni. Saa kumi na mbili itakuwa tumechelewa. Chumba kipo, daktari wa usingizi yupo. Kimbia dirisha la tatu ukamwandikishe, nao wanamwandaa.”

Delmira alikimbia. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasorobo.

Dirisha la tatu alikaa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mtu mpole, aliyemwita “binti” na kumwomba kitambulisho cha mgonjwa kwa adabu. Akaandika namba kwenye kompyuta. Akasimama. Akafuta, akaandika tena, tarakimu moja moja, kwa kidole kimoja.

“Binti, nisomee namba wewe.”

Akamsomea.

“Casimira Colque, mjane wa Anagua? Wa Llallagua?”

“Ndiye. Ni mama yangu.”

Mzee akavua miwani.

“Kaa kwanza.”

“Sikai. Anasubiriwa apasuliwe.”

“Binti yangu, mgonjwa huyu tayari tulikuwa naye. Aliletwa Jumanne jioni, akaachwa getini na gari lisilosimama, na nakala ya kitambulisho hiki imebandikwa kifuani. Tumbo lilikuwa limepasuliwa mahali pengine, likafungwa vibaya, limeoza. Walijitahidi hapa siku moja na nusu.” Akageuza kioo cha kompyuta upande wa Delmira. “Alifariki leo alfajiri.”

Delmira alisoma. Jina lilikuwa la mama yake. Namba ilikuwa ya mama yake. Tarehe ya kuzaliwa, kijiji, kila kitu. Na nakala ile, yenye kivuli cha gundi pembeni, ilikuwa ile ile aliyomwachia Yaneth siku ya Jumatatu walipokwenda kupimwa.

Kwa hiyo kulikuwa na mwanamke. Mwanamke mmoja, pengine naye wa milimani, aliyelala juu ya godoro lile la chumba cha pili, akakatwa na mikono iliyovaa glavu zile, kisha akatupwa getini kwa jina la mtu mwingine kama taka inayomwagwa kwa jirani.

Delmira alinyoosha kidole kuelekea chumba cha dharura.

“Aliyekufa si mama yangu,” alisema. “Mama yangu yuko pale nyuma, unamsikia? Ndiye yule anayemtukana daktari.”

“Namsikia, binti. Nakuamini. Lakini mtu mwenye cheti cha kifo hafunguliwi jalada, na bila jalada hakuna daktari wa usingizi atakayemgusa. Sheria si yangu.” Mzee aliinama karibu, akashusha sauti. “Njia ipo. Mwili ukilinganishwa alama za vidole, jina la mama yako linasafishwa. Ni kazi ya saa moja. Mwili tu uwepo.”

“Uko wapi?”

Mzee akavuta daftari kubwa la chumba cha maiti, akalamba kidole, akafunua. Kidole chake kikashuka kwenye mistari, kikasimama.

“Umechukuliwa,” alisema. “Saa tatu asubuhi. Umechukuliwa na gari la mazishi, kwa idhini ya maandishi ya binti wa marehemu.”

“Mimi sijaja hapa leo!”

“Hukuhitajika kuja. Ilitosha karatasi.”

Akaichomoa kutoka kwenye pini, akamsogezea chini ya kioo cha dirisha. Ilikuwa imechapwa vizuri, na mwisho wake, juu ya mstari, palikuwa na jina kamili: Delmira Anagua Colque. Aliitazama saini kama anavyotazama mshono. Alitafuta mkono wa mtu mwingine, mahali kalamu ilipositasita, mahali mwizi alipokosea.

Hakupaona. Ilikuwa saini yake mwenyewe.

Saa mbili asubuhi ile, kwenye meza ya Yaneth, mama yake akiwa analia kwa maumivu, alikuwa ametia saini karatasi saba. Alisoma sita.